Shamba la Mwisho wa Mfongo: Presha, Mishipa ya Ubongo na Kusahau kwa Wazee

(Maneno haya niliyasema mbele ya wastaafu na watoto wao, Moshi. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikiondoa tu pale niliporudia.)

Wazee wangu, shikamooni.

Mwenyekiti wa kikao, wastaafu, na ninyi ndugu zangu mliowasindikiza wazazi, asanteni kwa kuja. Nimenong'onezwa kwamba chakula kiko tayari na kwamba mimi ndiye niliyesimama kati yenu na masufuria, kwa hiyo najua nina uvumilivu wa kiasi gani wa kutumia. Nimeombwa nizungumzie ugonjwa wa wazee kusahau. Nitauzungumza, ila nitaanzia kwenye maji.

Wengi humu mmekulia kwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, na mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, mnaujua kuliko mimi. Maji yanachepushwa huko juu kwenye banio, yanashuka kwenye mfereji waliouchimba mababu, mfereji unagawanyika, unagawanyika tena, mpaka unakuwa kijifereji chembamba kinachopenya katikati ya migomba yako. Sasa niambieni. Kingo zikibomoka na tope likajaa, nani anakosa maji kwanza? Nasikia mnasema wa mwisho. Ni wa mwisho, ndiyo. Yule wa juu hata habari hana, migomba yake ni kijani tupu. Na ukienda kusimama pale banioni ukatazama, utaapa kwamba maji ni tele.

Ubongo nao una mifongo yake, na una mashamba ya mwisho.

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu. Alipostaafu wakamfanya mweka hazina wa kikoba, na kwa miaka hakuna aliyewahi kumkuta na upungufu hata wa shilingi mia. Halafu hesabu zikaanza kumchanganya. Wala hakuwa anasahau, na hilo ndilo lililotupoteza. Wanafunzi wake wa zamani alikuwa anawataja mmoja mmoja, aliyekaa dawati la mbele na aliyekuwa akitoroka kwenda kuchunga mbuzi. Kilichoharibika ni mpangilio wa mambo. Mtori ambao ameupika tangu msichana ukamshinda: alitaka kuponda ndizi kabla hazijaiva, nyama akaitia mwishoni ikiwa mbichi, kisha akakaa jikoni anaitazama sufuria kama mtu aliyeletewa barua kwa lugha asiyoijua. Akawa mzito wa kujibu. Unamuuliza jambo, unahesabu mpaka kumi, ndipo jibu linakuja, na linakuja sahihi kabisa. Akaanza kutembea kwa hatua fupifupi, miguu kama imegundishwa sakafuni. Mkojo ukawa haumpi nafasi ya kufika chooni. Na hakushuka kama mtu anayeteremka kilima. Alishuka kama mtu anayeshuka ngazi: miezi minne yuko vilevile, halafu wiki moja tunaamka tunamkuta chini hatua nyingine.

Wakati huo nilikuwa tayari daktari. Ndugu waliponiuliza, nikasema, "Ni uzee tu, mwacheni apumzike." Presha yake ilikuwa inasoma 180 kwa 100 na zaidi, kwa miaka. Vidonge alivimeza siku kichwa kinapouma, kikipoa anavirudisha kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Kopo hilo nililijua. Nililiona kila nilipokwenda kumsalimia. Kuliunganisha lile kopo na ile sufuria ya mtori kulinichukua muda ambao yeye hakuwa nao, na ndiyo maana nikiitwa kuzungumzia kusahau huwa sianzi na kusahau.

Tuingie ndani basi.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kilo moja na robo, moja na nusu hivi. Ni kama asilimia 2 ya mwili wote, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya oksijeni unayovuta ukiwa umekaa umetulia. Na hauna ghala la maana. Ini lina akiba, misuli ina akiba, ubongo unakula kinachofika sasa hivi. Damu ikikatika kabisa, sekunde kama kumi zinatosha mtu kuzimia, na baada ya dakika chache seli zinaanza kufa.

Damu hiyo inapanda kwa ateri nne, mbili mbele ya shingo na mbili nyuma zikipita kwenye pingili. Zinakutana chini ya ubongo na kufanya kama mviringo, kisha matawi yanasambaa juu ya uso wa ubongo. Huko juu hali si mbaya, matawi yamepakana, moja likiziba jingine linaweza kusaidia kidogo. Kazi iko kwa vijimshipa vinavyochimba kwenda chini. Vinaondoka kwenye mshipa mkubwa, vinazama ndani kabisa, vyembamba na virefu, na vingi havina jirani. Kila kimoja kina shamba lake peke yake. Kikiziba, hakuna wa kukopa kwake maji.

Na kule ndani kuna nini? Kuna nyaya. Sehemu ya ubongo iliyo juu, ile ya kijivu, ndiyo yenye vyumba vya kufikiria. Chini yake kuna sehemu nyeupe, na weupe huo ni mafuta, kwa sababu kila waya wa neva umefungwa gamba la mafuta ili ujumbe usafiri haraka. Seli zinazotengeneza gamba hilo hazivumilii njaa ya damu hata kidogo. Kwa hiyo zinapokosa, gamba linachakaa, na ujumbe uliokuwa unafika kwa kufumba na kufumbua sasa unatambaa. Hesabuni tena mpaka kumi, mkimsubiri shangazi ajibu.

Presha inafanya nini hapo? Watu wengi wanadhani presha ni hatari kwa sababu inapasua mshipa. Inapasua kweli, lakini hiyo ni siku moja. Kazi yake kubwa ni ya kila siku na haina kelele. Mshipa mdogo unaosukumwa kwa nguvu mwaka hadi mwaka unajikinga kwa kunenepesha ukuta wake. Misuli laini iliyokuwa ukutani inakufa na mahali pake panajaa kitu kama kovu. Njia ya katikati inabanwa. Mshipa uliokuwa unatanuka na kusinyaa kwa mahitaji unakuwa bomba gumu.

Hapo ndipo panaponivutia mimi, na mtanisamehe nikikaa kidogo. Mnakumbuka zamu ya maji? Leo zamu ya fulani, anafungua kwake, wengine wanafunga. Ubongo unafanya hivyo hivyo kila nukta ya uhai wenu. Ukisoma, sehemu ya kusoma inaita damu, vimishipa vyake vinafunguka. Ukiacha kusoma ukaanza kumsikiliza mtu, zamu inahama. Anayepitisha amri ya kufungua ni utando wa ndani wa mshipa, seli zilizopangwa safu moja, nyembamba kuliko karatasi yoyote. Presha, sukari na sigara vyote vinaudhuru mwili kupitia utando huo. Utando ukichoka, seli za ubongo zinaita maji na lango halifunguki. Shamba halijafa, lakini kila siku linanyweshwa pungufu.

Utando huohuo ndio ukuta wa ulinzi. Kwingineko mwilini mishipa midogo inavuja kidogo, ndiyo kawaida yake. Kwenye ubongo seli zimeshonwa pamoja kwa ubanifu mkubwa, damu ipite na vilivyomo ndani ya damu visiingie ovyo. Ukuta ukichoka unaanza kuvuja, protini za kugandisha damu zinapenya mahali zisipopaswa kuwa, na walinzi wa ubongo wanazishambulia kama adui. Vita hivyo vinapiganwa shambani mwako, na mazao yanakanyagwa.

Halafu kuna ateri kuu, ile inayotoka moyoni. Ya kijana ni kama mpira mpya: moyo ukipiga, inavimba, inameza kishindo, damu inaendelea mbele kwa utulivu. Ya mzee mwenye presha ya muda mrefu imekakamaa, haimezi kitu. Kila pigo linakwenda moja kwa moja mpaka kwenye vimishipa vya mwisho, na kati ya viungo vyote, ubongo na figo ndivyo vinavyopokea damu nyingi kwa mlango ulio wazi zaidi. Ndiyo sababu mtu akija na figo zilizoharibiwa na presha, mimi humwuliza mkewe kuhusu kumbukumbu zake.

Yakijumlishwa haya, kipimo cha MRI, mashine inayopiga picha ya ndani ya ubongo, kinaonyesha vishimo vidogo, milimita 3 mpaka 15, mahali ambapo kishamba kimekufa kabisa. Kinaonyesha mabaka meupe pale gamba la nyaya lilipochakaa, na vidoa mahali damu ilipochuruzika kidogo. Hakuna hata kimoja kinachouma, kwa sababu ubongo wenyewe hauna hisia ya maumivu. Mtu anaweza kupata viharusi vitano vya namna hiyo na asikumbuke hata siku moja ya kuugua. Na nyaya zinazokatwa mara nyingi ni zile zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na vituo vya ndani, nazo ndizo zinazobeba mpangilio, wepesi wa akili, mwendo wa miguu na kuzuia mkojo. Shangazi alikuwa nayo yote manne. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu na sikukisoma.

Mzee mmoja amenivuta pembeni kabla hatujaanza akaniambia, "Daktari, mtu mzima lazima presha iwe juu kidogo, damu inahitaji nguvu kufika kichwani." Mzee wangu, usione haya, maana madaktari wakubwa wa dunia walisema hivyohivyo. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944 ikasoma 186 kwa 108, na alikuwa akiendesha vita. Wakati huo wengi waliamini presha ya mtu wa makamo ni ya lazima kwake na kuishusha ni kumdhuru, na kwa kweli dawa za maana hawakuwa nazo. Februari 1945 akaenda Yalta kugawana dunia na Stalin na Churchill. Tarehe 12 Aprili akashika kichwa, akasema kinamuuma sana, akaanguka. Daktari wake alipopima alikuta 300 kwa 190. Alikufa siku hiyohiyo. Dawa za kukojoza, ndugu zao na vile vidonge mnavyopewa zahanati leo, zilikuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo mtu wa Machame mwenye kidonge chake cha asubuhi ana kitu ambacho Roosevelt hakuwa nacho.

Sasa najua kuna vijana humu wamesoma kwenye simu, wataniambia, "Daktari, unaongelea kiharusi, sisi tunauliza ugonjwa wa Alzheimer." Vizuri. Turudi basi kwa Alzheimer mwenyewe.

Mwaka 1901, Frankfurt, Ujerumani, alilazwa mama mmoja wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Alikuwa akimwonea mumewe wivu usio na msingi, anapotea ndani ya nyumba yake, anasahau jina lake mwenyewe anapoliandika. Alifariki mwaka 1906. Dakta Alois Alzheimer akaukata ubongo wake, akautia rangi, akauweka chini ya hadubini, na Novemba mwaka huo akasimama Tübingen kuwaeleza wenzake alichokiona: madoa ya uchafu nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo tunajua yale madoa ni protini iitwayo beta-amiloidi na zile nyuzi ni protini ya tau. Dunia nzima ikazishika hizo mbili, na tangu hapo watu wamekuwa wakisema kuna Alzheimer upande huu na magonjwa ya mishipa upande ule, kama Kibosho na Machame, falme za Kichagga zilizokuwa mahasimu enzi zile. Lakini kwenye maandishi yaleyale Alzheimer aliandika pia kwamba mishipa mikubwa ya ubongo wa mama yule ilikuwa imekakamaa. Sentensi hiyo imekaa pale zaidi ya miaka mia moja, watu wanaipita.

Kwa nini isipitwe? Kwa sababu beta-amiloidi haitengenezwi kwa wagonjwa tu. Wote humu mnaitengeneza sasa hivi, mkiwa mmekaa. Ni taka ya kazi ya kawaida ya ubongo. Swali ni nani anaizoa. Sehemu moja inavunjwavunjwa palepale, nyingine inavushwa kwenye ukuta wa mshipa na kutupwa kwenye damu, nyingine inachukuliwa na majimaji yanayopita kandokando ya kuta za mishipa. Kwa hiyo mfongo unaoleta maji ndio pia njia ya taka. Ukuta ukikakamaa, taka inabaki. Na taka ikibaki, nyingine inaganda kwenye ukuta wa mshipa wenyewe, mshipa unazidi kukakamaa, tena unakuwa mwepesi wa kupasuka. Mtaniambia wapi linaanzia duara hilo. Wanasayansi wanagombana, na mimi sina haraka ya kuwaamua. Hata kuhusu usingizi wanagombana: utafiti wa panya wa mwaka 2013 ulionyesha taka inazolewa zaidi mnyama akilala, na mwaka 2024 wengine wakapima kwa njia yao wakaona kinyume. Laleni tu, usingizi una faida nyingine nyingi.

Ushahidi unaonigusa zaidi ulitoka kwa masista. Hapa Kilimanjaro masista tunawajua, kwa hiyo mtanielewa. Marekani, masista 678 wa shirika la Notre Dame, wote wenye miaka 75 na zaidi, walikubali kupimwa akili kila mwaka, na wakatoa ubongo wao uchunguzwe wakishafariki. Fikirieni ukarimu huo. Kwa mtafiti ni bahati isiyo na kifani, maana walikula chakula kimoja, wakaishi nyumba za namna moja, hakuna mvutaji sigara wala mlevi wa kuvuruga hesabu. Mwaka 1997 David Snowdon na wenzake wakachapisha walichokiona. Kulikuwa na masista waliokuwa na madoa na nyuzi za Alzheimer za kutosha kabisa kichwani, na bado wengine kati yao walifariki wakiwa timamu. Waliokuwa na madoa hayo pamoja na vishimo kimoja au viwili tu kule ndani, vishimo vya ukubwa wa maharage au chini ya hapo, uwiano wa kukutwa na demensia, yaani ule ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na akili, ulikuwa takriban mara 20 ya wenzao wasio na vishimo. Kwa hiyo mzigo wa Alzheimer ubongo unaweza kuubeba. Ukiubeba huku mifongo imeziba, unaanguka. Na tangu hapo, wachunguzi wanaofungua ubongo wa wazee waliokufa na demensia wanakuta mchanganyiko mara nyingi kuliko wanavyokuta ugonjwa mmoja safi.

Tusitoke hapa bila kusema habari za kwetu. Wilaya ya Hai, hapo jirani, ni moja ya sehemu chache za Afrika ambako watafiti walipita nyumba kwa nyumba. Walipima wazee 1,198 wa miaka 70 na kuendelea, vijiji sita, na utafiti ukachapishwa mwaka 2013. Asilimia 6.4 walikuwa na demensia, na wenye Alzheimer na wenye ile ya mishipa walikaribiana kwa idadi. Kwa upande wa presha, kazi nyingine ya hukohuko Hai iliwakuta wazee karibu 70 katika kila 100 wanayo. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa.

Napenda sana namna walivyojifunza kupima. Vipimo vya Ulaya vinamwambia mtu achore maumbo kwa kalamu. Bibi ambaye hajawahi kushika kalamu maishani atashindwa, na utamwandika mgonjwa wakati anaijua hesabu ya kila mkungu uliotoka shambani mwake. Kwa hiyo wakatengeneza kipimo kifupi: unampangia njiti nne za kiberiti kwa mtindo fulani, na yeye apange zake zifanane. Anataja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja. Anaambiwa maneno, baadaye anaulizwa ayakumbuke. Kiberiti kila nyumba kinacho. Heshima ya namna hiyo kwa mzee ingetosha kuwa hotuba yake peke yake.

Tufanye nini? Zipo dawa mpya zinazozoa amiloidi, nimeulizwa sana. Lecanemab ilipata kibali kamili Marekani mwaka 2023. Katika majaribio ya miezi 18 ilipunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27, lakini haikuusimamisha. Kwenye majaribio hayo iliingizwa kwa dripu kila wiki mbili, bei iliyotangazwa kule ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka, na wagonjwa lazima wapigwe MRI mara kwa mara kwa sababu ubongo unaweza kuvimba au kuvujisha damu. Kwa nini uvujishe? Wengi wanaamini ni kwa sababu amiloidi iliyokuwa ukutani mwa mshipa inabanduliwa. Tumerudi kwenye mishipa tena, mnaona.

Mimi matumaini yangu yako China, na siyo kwenye maabara. Ni vijijini. Vijiji 326, watu 33,995 wa miaka 40 na kuendelea wenye presha. Nusu ya vijiji watu waliachwa kwenye huduma ya kawaida. Nusu nyingine, madaktari wa kijiji, watu wasiokuwa na shahada ya udaktari, walipewa mwongozo rahisi: pima, mpe dawa ya bei nafuu au ya bure, ongeza mpaka ishuke chini ya 130 kwa 80, mfundishe ajipime nyumbani, mfuatilie. Baada ya miaka minne, demensia ilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kwenye vijiji hivyo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Asilimia 15 siyo muujiza, nawaambia wazi. Lakini imepatikana kwa vidonge ambavyo nikitoka hapa naweza kuvinunua duka la dawa la kona, na kwa watu wa aina ya wahudumu wetu wa afya ngazi ya jamii. Kabla ya hapo jaribio kubwa la Marekani, lililotoa matokeo yake mwaka 2019 likiwa na watu 9,361, lilionyesha kwamba kuishusha namba ya juu ya presha chini ya 120 kunapunguza ule usahaulifu wa mwanzo kwa kama asilimia 19, ingawa kwa demensia yenyewe halikuweza kuthibitisha, maana lilisimamishwa mapema.

Kuna mambo mawili ya tahadhari, halafu niwaachie mkale. Kwanza, msiishushe presha ya bibi wa miaka 80 kwa siku mbili. Ubongo uliozoea msukumo mkubwa kwa miaka umehamisha mizani yake, ukiukatia ghafla, mashamba ya mwisho yanakauka siku hiyohiyo. Polepole, kwa wiki na miezi, na apimwe akiwa amekaa na akiwa amesimama, asije akaanguka akienda chooni usiku. Pili, siyo kila anayechanganyikiwa ana demensia. Mzee aliyekuwa mzima Jumatatu na Jumatano anaongea na marehemu, huyo ana homa, ana UTI, sukari imeshuka, chumvi ya damu imevurugika, au amepewa dawa mpya. Huyo ni wa kupelekwa hospitali leo, na mara nyingi anarudi kuwa yeye. Wengine ni tezi ya shingo au upungufu wa vitamini B12. Wengine hawasikii tu, mnawajibu kwa hasira kumbe ni masikio. Tume ya jarida la kitabibu la Lancet mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia demensia na yanayoweza kurekebishwa, na usikivu uliopungua umo, na elimu ndogo utotoni imo, na presha ya umri wa kati imo. Umri wa kati, nasema. Ninyi mnaopiga picha huko nyuma, wenye miaka 42, 45, mliowaleta baba zenu wapimwe. Uharibifu niliousimulia leo unaanza kwenye umri wenu, na ndio maana nusu ya hotuba hii nilikuwa nawatazama ninyi.

Na kwa wale wenye ndugu kule Usukumani au Pwani ya Kenya, Kilifi: mnajua ajuza anayepotea njia usiku, anayeongea peke yake, anaitwaje huko: mchawi. Wazee wameuawa kwa hayo. Ukirudi nyumbani umweleze mtu mmoja tu kwamba kuna mshipa uliziba.

Manesi wamepanga meza tatu pale mlangoni. Kabla ya kupimwa nendeni chooni kwanza, mkae dakika tano bila kuongea, mgongo uegemee, miguu isipishane, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na mkanda usivalishwe juu ya sweta. Wapime mara mbili, waandike namba zote mbili kwenye kikaratasi. Kaeni kwa zamu. Vijana waanze.